Faili Lililojaa Kimyakimya: Uchambuzi wa Wagonjwa 15,841 Walioachwa Nje na Excel

Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, matokeo ya watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na korona Uingereza hayakuingia kwenye takwimu za kila siku, wala hayakufika kwa wakati kwa wale waliokuwa na kazi ya kuwatafuta waliotangamana na wagonjwa. Hakuna seva iliyozimika. Hakuna aliyedukua mfumo, hakuna aliyefuta kitu. Faili lilijaa, na kilichozidi kikabaki nje bila mtu yeyote kuambiwa.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kwa kicheko: nani anaendesha kazi nzito namna hii kwa Excel, programu ya lahajedwali ya ofisini? Swali hilo linakosa shabaha. Chombo kile kilitosha wakati wagonjwa walikuwa wachache. Kazi ndiyo iliyokua, na ndani ya mfumo hapakuwa na kitu kilichopima kazi imebakiza kiasi gani kabla ya kugonga ukomo wa chombo. Anayechagua programu leo atafaidika zaidi akiifuata njia ya data hatua kwa hatua kuliko akiondoka na somo moja tu kwamba Excel ni mbaya.

Data ilipita wapi

Maabara za kampuni binafsi zilizokuwa zikipima umma zilituma matokeo kwa Public Health England, taasisi ya afya ya jamii iliyokuwepo wakati huo, katika mafaili ya CSV. CSV ni maandishi matupu: kila rekodi ina mstari wake, na vipengele vinatenganishwa kwa mkato. Umbizo hilo halina ukomo wa mistari. Unaweza kuandika milioni kumi na faili likabaki halali.

Taasisi ilikuwa imeunda mchakato wa kiotomatiki wa kuyachukua mafaili hayo na kuyamimina kwenye violezo vya Excel, yaani majedwali yaliyoandaliwa tayari kwa kujazwa, ili data ipandishwe kwenye mfumo mkuu. Mfumo mkuu uliwahudumia watumiaji wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa watayarishaji wa dashibodi ya taifa. Wa pili walikuwa NHS Test and Trace, huduma ya kupima na kufuatilia maambukizi, waliompigia simu kila mgonjwa, wakamwuliza alikuwa na nani, kisha wakawatafuta hao nao.

Violezo vile vilihifadhiwa katika umbizo la zamani la XLS, na hapo ndipo palipokuwa na shingo ya chupa. Laha moja ya XLS, yaani ukurasa mmoja wa jedwali, tangu Excel 97, inabeba mistari 65,536 na safu 256. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 16, yaani idadi ya namba unazoweza kuandika kwa biti 16. Excel 2007 ilileta XLSX yenye mistari 1,048,576 na safu 16,384. Kwa hiyo mwaka 2020 umbizo lililotumika lilikuwa limeshapata mrithi kwa miaka 13, na mrithi huyo alikuwa tayari ndani ya programu hiyohiyo.

Mistari 65,536 inasikika kama mingi. Lakini tokeo la mtu mmoja halikukaa kwenye mstari mmoja. Lilitandazwa kwenye mistari kadhaa, hivi kwamba kiolezo kimoja kilitosha wagonjwa wapatao 1,400 tu. Ukigawanya, unapata karibu mistari 47 kwa kila mgonjwa. Uamuzi huo wa kumtandaza mtu mmoja kwenye mistari mingi badala ya kumweka kwenye mstari mmoja wenye safu nyingi uliukata ukomo mara 47, na katika mazungumzo ya kila siku ungeweza kupita bila kutambuliwa. Fundi anayesema "tuna mistari elfu sitini na tano" analala usingizi. Akisema "tuna nafasi ya wagonjwa elfu moja na mia nne", msikilizaji yeyote anayefuatilia ugonjwa atauliza swali linalofuata. Ndiyo maana ukomo wa chombo uandikwe kwa kipimo cha mtumiaji: wagonjwa, oda, wanafunzi, ankara. Mistari, megabaiti na biti zibaki kwenye maelezo ya mafundi.

Siku nane

Hii ndiyo idadi ya wagonjwa walioachwa nje kwa kila siku, kama ilivyotangazwa baadaye:

Septemba 25: 957
Septemba 26: 744
Septemba 27: 757
Septemba 28: 0
Septemba 29: 1,415
Septemba 30: 3,049
Oktoba 1: 4,133
Oktoba 2: 4,786

Siku tatu za mwisho peke yake zina wagonjwa 11,968, zaidi ya robo tatu ya wote. Hivyo ndivyo ukomo wa aina hii unavyouma: unapogongwa mara ya kwanza unanyofoa kidogo, halafu kila ongezeko linalofuata linapotea karibu lote, kwa sababu kinachopita kimeshafika mwisho na kinachobaki nje ndicho pekee kinachokua. Tazama pia ile sifuri ya Septemba 28, siku ya Jumatatu. Mtu ambaye angekuwa ameona dosari ndogo wikiendi ile angeweza kabisa kudhani imejiponya. Hitilafu inayokuja na kuondoka kulingana na wingi wa kazi ni ngumu kunasa kuliko inayodumu, kwa sababu kila anapokuja fundi kuangalia, mgonjwa ameshapona.

Sasa linganisha na takwimu zilizotangazwa kwa umma siku hizohizo, kabla ya kusahihishwa. Septemba 29 zilikuwa 7,143. Septemba 30, 7,108. Oktoba 1, 6,914. Oktoba 2, 6,968. Ukizichora, unapata mstari uliolala. Msomaji wa kawaida angesema maambukizi yametulia. Ongeza walioachwa nje, picha inageuka: 8,558, kisha 10,157, kisha 11,047, kisha 11,754.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye uzito wa kisa chote. Data iliyokatwa na ukomo haionekani mbovu. Haina matundu, haina namba hasi, haina herufi za ajabu, na inafanana kabisa na habari njema. Ukaguzi wa kawaida unaotafuta namba zilizoruka ghafla usingeona kitu, maana hakuna iliyoruka. Kengele inayostahili kwenye mfumo unaokua ni ile inayolia pia pale namba *zinapoacha* kusogea: siku nne mfululizo ndani ya asilimia chache, huku idadi ya vipimo au kiwango cha maambukizi kikipanda, ni sababu tosha ya kumwamsha mtu.

Nani aliumia, na kwa nini si kwa kiwango kimoja

Hitilafu ilibainika usiku wa kuamkia Jumamosi, Oktoba 3, na taasisi ilieleza kwamba wagonjwa wote waliokuwa wamebaki walihamishiwa kwenye mfumo wa ufuatiliaji kufikia saa 7 usiku huohuo. Takwimu ziliruka: 12,872 Jumamosi, 22,961 Jumapili, kwa kuwa viporo vilijumlishwa humo. Wagonjwa wenyewe walikuwa wameshapata majibu yao kama kawaida, maana majibu yalipita njia nyingine. Waliokosa taarifa ni watu waliokaa nao.

Jumatatu, Oktoba 5, Waziri wa Afya Matt Hancock aliliambia Bunge kwamba hadi asubuhi hiyo asilimia 51 ya wagonjwa hao walikuwa wamefikiwa na wafuatiliaji. Wakati huo aliyetangamana na mgonjwa alitakiwa kujitenga siku 14. Taarifa ikichelewa wiki moja, nusu ya muda huo imeliwa, na ni ile nusu ambayo mtu huyo alikuwa akienda kazini na kwenye basi. Watafiti Thiemo Fetzer na Thomas Graeber waliitumia ajali hii kama jaribio la asili, yaani jaribio ambalo hakuna aliyelipanga, wakalinganisha maeneo yaliyopoteza rekodi nyingi na yaliyopoteza chache. Makadirio yao, yaliyochapishwa mwaka 2021, yanahusisha ucheleweshaji huo na maambukizi ya ziada zaidi ya 125,000 na vifo vya ziada zaidi ya 1,500.

Kwa mtayarishaji wa takwimu, namba ya Oktoba 2 kusahihishwa Oktoba 4 ni aibu tu. Chati inachorwa upya na maisha yanaendelea. Kwa mfuatiliaji, jina lililofika siku saba baadaye limekwisha nusu ya thamani yake. Watumiaji hawa wawili walikuwa wakinywa kwenye bomba moja, na kiolezo cha kukusanya matokeo ya maabara kwa ajili ya kuhesabu hakidai mengi. Kazi ya kupiga simu ilipoongezwa kwenye mkondo huohuo, hitaji lilibadilika kwa aina, si kwa ukubwa tu: kutoka "tupe jumla iliyo karibu na ukweli" hadi "usimpoteze hata mtu mmoja". Mabadiliko ya ukubwa huonekana kwenye namba. Mabadiliko ya aina hayaonekani popote isipokuwa mtu akae na watumiaji na kuuliza.

Na maswali yenyewe ni machache. "Mnataka nini?" si mojawapo, maana jibu lake huwa orodha ya vitufe. Uliza: data hii inakufanya uamue nini? Saa ngapi? Ikichelewa siku moja, nani anaumia? Rekodi kumi zikikosekana kati ya elfu, utajuaje? Swali la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Mtumiaji akijibu "sitajua", hilo ni sharti la kwanza la mfumo wako, kabla ya rangi, kabla ya kasi, kabla ya yote.

Kwa nini programu ilinyamaza

Excel ikitumiwa na mtu aliyekaa mbele ya skrini hainyamazi kabisa. Ukifungua faili la maandishi lenye mistari kuliko laha inavyobeba, inakuonya kwamba faili halikupakiwa lote. Ukihifadhi kitabu kikubwa katika XLS, inakuambia kwamba data iliyo nje ya mistari 65,536 na safu 256 haitahifadhiwa. Maonyo hayo yalibuniwa kwa ajili ya macho ya mtu. Kazi ikishakuwa ya kiotomatiki, kisanduku cha onyo hakina wa kukisoma, na wanaoandika skripti za ofisi, yaani amri zinazoendesha programu bila mtu, huyazima maonyo makusudi, kwa sababu kisanduku kimoja kikisubiri kubofywa saa tisa usiku mchakato mzima unakwama.

Hapo kuna kanuni ya kuchagulia chombo. Kabla ya kuangalia kinachoweza kufanya, angalia kinavyoshindwa. Vyombo hushindwa kwa namna tatu: kusimama na kupiga kelele, kukataa rekodi moja huku kikiendelea na nyingine na kuiandika iliyokataliwa, au kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Namna ya kwanza inakera na ni salama. Ya pili ndiyo bora, mradi kuna mtu anayesoma orodha ya zilizokataliwa. Ya tatu haifai kwa data inayogusa watu, hata chombo kiwe rahisi kiasi gani.

Jaribio lake ni la dakika kumi. Tengeneza faili la bandia lenye rekodi nyingi kuliko ukomo uliotangazwa, rekodi ya mwisho ikiwa na alama unayoitambua, mfano jina "MWISHO-KABISA". Lipitishe kwenye njia nzima, kuanzia mlango wa kuingilia hadi kwenye skrini ya mtumiaji wa mwisho. Ukiliona jina hilo, vizuri. Usipoliona na mfumo ukalia, vizuri pia. Usipoliona na mfumo ukasema "imekamilika", umepata jibu kabla halijakupata.

Dawa ya usiku ule

Kilichofanyika mara moja ni kuyagawa matokeo katika mafungu madogo ili yajaze violezo vingi zaidi. Wengi waliibeza hatua hiyo. Kwa usiku ule ilikuwa sahihi: haibadilishi mfumo mkuu, haihitaji mafunzo, na inaweza kujaribiwa ndani ya saa chache. Kubadilisha chombo katikati ya dharura huleta hitilafu mpya wakati ambao hakuna mwenye nafasi ya kuzitafuta.

Ila kugawa kuna mtego wake, hasa rekodi moja inapokaa kwenye mistari mingi. Tuseme kila mgonjwa anachukua mistari 47 hasa na mstari wa juu ni vichwa vya safu. Inabaki mistari 65,535. Wagonjwa 1,394 wanachukua 65,518. Imebaki mistari 17, na skripti inayokata kwa kuhesabu mistari itaijaza na mistari 17 ya kwanza ya mgonjwa wa 1,395, halafu faili linalofuata linaanza na mistari yake 30 iliyosalia. Mgonjwa huyo sasa yupo mara mbili, na popote alipo hajakamilika. Namba yake ya simu huenda iko faili la kwanza na tarehe ya kipimo iko la pili. Kwa hiyo kata kwa mgonjwa, usikate kwa mstari: soma hadi kitambulisho cha sampuli kibadilike, ndipo ufunge fungu. Na uache nafasi. Mafungu ya wagonjwa 1,000 yanatosha na yanasomeka kirahisi kuliko 1,394.

Mtego wa pili ni marudio. Fungu likishindwa kupanda na likatumwa tena, nusu yake inaweza kuwa ilishaingia. Bila ufunguo wa kipekee kwa kila sampuli, unabadilisha tatizo la watu waliopotea kwa tatizo la watu walioongezeka.

Chombo gani kingefaa

Njia ya mkato ilikuwa kuhamia XLSX. Kwa mistari 47 kwa mgonjwa, ukomo unapanda hadi wagonjwa kama 22,300 kwa laha. Ni nafuu kubwa kwa kazi ya siku moja, lakini ni dari ileile iliyoinuliwa: ikijaa, itajaa kimyakimya vilevile. Aidha Excel ina tabia nyingine zisizofaa kwenye mlango wa kuingilia data, iwe XLS au XLSX. Hukata sifuri za mwanzo za namba ya simu ikidhani ni namba ya hesabu. Huhifadhi tarakimu 15 tu za maana, hivyo kitambulisho cha tarakimu 16 hugeuzwa cha mwisho kuwa sifuri. Hubadilisha maandishi yanayofanana na tarehe kuwa tarehe. Wanasayansi wa jeni waliteseka na hilo kwa miaka, hadi kamati ya majina ya jeni ikaamua kuyabadilisha majina yenyewe: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1, katika mwongozo wa mwaka 2020. Mwaka 2023 ndipo Excel ilipoleta mpangilio wa kuzima ugeuzaji huo. Watumiaji walihama kwanza, chombo kikafuata.

Kanzidata ndogo, yaani programu ya kuhifadhi data kwa mpangilio, inayokaa kwenye faili moja kama SQLite, ingemaliza tatizo la ukubwa bila kuhitaji seva. Ukomo wake uko kwenye terabaiti, ni ya bure, na ina kitu ambacho lahajedwali halina: masharti. Unaiambia kwamba kitambulisho cha sampuli hakiwezi kurudiwa na tarehe ya kipimo haiwezi kuwa tupu, nayo inakataa kwa sauti. Udhaifu wake ni uandishi wa pamoja; anayeandika kwa wakati mmoja ni mmoja tu. Kwa mchakato mmoja wa kupakia data usiku hilo si tatizo. Kwa wafuatiliaji mia wanaosasisha rekodi kwa pamoja, haifai. Hapo inatakiwa kanzidata ya seva, PostgreSQL au ndugu zake, pamoja na mtu anayejua kuitunza, nakala za akiba, na ruhusa za kila mtumiaji. Mtu huyo ndiye gharama halisi. Leseni inaweza kuwa sifuri na bado chombo kikakushinda kwa sababu aliyekijua amehama.

Kuipiga Excel marufuku si jibu. Mtaalamu wa magonjwa anayeijua kwa miaka atatengeneza lahajedwali lake la siri siku ileile, na sasa una data mahali usipopajua. Iache mwishoni mwa bomba, kama dirisha la kusomea: mtumiaji anavuta jedwali kutoka kwenye kanzidata, analipanga, anachora chati. Lililokatazwa ni Excel kuwa *njia* ambayo data yote lazima ipitie.

Bomba lenyewe, likijengwa upya, lingekuwa na hatua hizi. Faili la maabara linahifadhiwa kama lilivyofika, haliguswi kamwe, ili hitilafu ikigundulika wiki mbili baadaye uweze kulipitisha upya. Pamoja nalo maabara inatuma hesabu: rekodi ngapi, ya kwanza kitambulisho gani, ya mwisho gani. Data inapakiwa kwenye jedwali la mapokezi ambamo kila safu ni maandishi, hata tarehe, ili pasiwe na ugeuzaji wowote wa kificho. Hesabu inalinganishwa na ile ya maabara. Ikitofautiana hata kwa moja, faili zima linasimama na mtu anaitwa. Kisha aina zinageuzwa, rekodi zenye kasoro zinaenda kwenye jedwali la karantini zikiwa na sababu yake, na zilizobaki zinaingia jedwali kuu. Mlinganyo unaotakiwa kusimama kila siku ni huu: zilizopokewa = zilizoingia + zilizo karantini + marudio yaliyotambuliwa. Ukiwa na mlinganyo huu mmoja tu, hata juu ya XLS, zile 957 za Septemba 25 zingeonekana jioni ileile.

Kengele iwekwe wapi

Desturi ni kuweka onyo nafasi ikijaa asilimia 80. Kwa kazi inayokua kidogo kidogo inafaa. Kwa kazi inayojirudufu, hesabu inakataa.

Chukua takwimu za Uingereza: Septemba 6, 2020 zilitangazwa 2,988, na Septemba 29, baada ya kusahihishwa, 8,558. Huo ni ukuaji wa kujirudufu takriban kila siku 15. Chombo chenye nafasi ya 1,400 kikiwa kimejaa nusu, yaani 700, una siku 15. Kikijaa asilimia 80, yaani 1,120, umebakiza siku zisizofika tano. Kama kubadilisha chombo kunakuchukua wiki mbili za kujenga na wiki moja ya kuendesha vyote viwili sambamba, onyo la asilimia 80 linakufikia ukiwa umeshachelewa. Onyo la wiki tatu lilitakiwa kulia kwenye wagonjwa 530 hivi, chini ya asilimia 40.

Kwa hiyo kengele ipimwe kwa siku zilizobaki. Kila usiku skripti ichukue wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita, ikadirie mwendo wa ukuaji, itoe siku zilizobaki kabla ya kugonga ukomo, na ilinganishe na muda ambao timu inahitaji kuhama. Namba ya pili ikiipita ya kwanza, kazi ya kuhama inaanza asubuhi, hata kama chombo bado kinaonekana kina nafasi tele. Siku nyingi za Julai mwaka ule Uingereza nzima ilikuwa ikitangaza wagonjwa wapya chini ya 1,000. Hicho ndicho kipindi ambacho swali hili huulizwa bila presha, na ndicho kipindi ambacho hakuna anayejisikia kuliuliza.

Kuhama bila kupoteza tena

Uhamaji hufeli mara nyingi kwenye ulinganifu. Watu huendesha mfumo wa zamani na mpya kwa siku mbili tatu, wanaona jumla zinalingana, wanazima wa zamani. Jumla inaweza kulingana huku rekodi tano zimepotea na tano zimejirudia. Linganisha kwa kitambulisho: zilizopo upande huu na hazipo upande ule, na kinyume chake. Orodha zote mbili ziwe tupu, au kila kilichomo kiwe na maelezo. Endesha sambamba wiki nzima angalau, maana maabara hutuma tofauti wikiendi, na ulishaona ile Jumatatu yenye sifuri ilivyoweza kumdanganya mtu.

Kisha njia ya zamani ifungwe kweli. Iwekwe tarehe, itangazwe kwa watumiaji wote wawili, na siku hiyo folda la violezo ligeuzwe kuwa la kusoma tu. Baada ya mwezi ruhusa zenyewe ziondolewe. Lisipofungwa, siku mfumo mpya utakapokwama kwa saa moja kuna mtu atakayerudi kwenye kiolezo cha zamani kwa nia njema kabisa, atakijaza, na data ya saa ile itabaki humo bila hesabu yoyote ya kuilinganisha.